Kauboi, Mchina na Anti Risper

Nikisikia harufu ya petroli inayoungua, ikichanganyika na harufu tamu na kali ya tumbaku inayokaushwa, miguu yangu huanza kucheza yenyewe. Mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto, na kanisani nina kiti ambacho watu wanajua ni changu. Lakini harufu hizo mbili zikikutana ninarudi Kehancha, miaka ya tisini, Jumamosi saa nane mchana, nina miaka kumi na mmoja, nimevaa gauni la kanisa, na niko mahali ambapo gauni la kanisa halikupaswa kuonekana kabisa.

Mahali penyewe palikuwa kwa Mzee Chacha. Alikuwa mzee mfupi wa Kikuria ambaye zamani alikaushia tumbaku katika kibanda kirefu cha udongo nyuma ya soko. Alipochoka na tumbaku alinunua televisheni, deki na jenereta, akaziba madirisha kwa magunia, akapanga mabenchi, na kibanda kikawa video. Lakini harufu ya tumbaku haikutoka. Ilikuwa imeingia ukutani. Ukikaa mle saa mbili, nywele zako zilinuka kama za babu mvuta kiko, na ndiyo maana mimi na rafiki yangu Boke tulikuwa tukifunga vitambaa kichwani kabla ya kuingia, tukidhani tumemdanganya mtu.

Boke alikuwa Mkuria, nyumba yao ikipakana na yetu. Sisi tulikuwa Wajaluo katika mji wa watu wengine. Mama alikuwa fundi wa nguo na cherehani yake ilikaa barazani karibu na soko. Baba alikuwa mwalimu wa shule huko Magunga, akija kila mwisho wa mwezi. Nyumbani tulizungumza Kijaluo, kwa kina Boke walizungumza Kikuria, na mimi na yeye tulikutana katikati kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza, ambacho mwalimu wetu alisema kingemtoa machozi mtu wa Mombasa.

Mama alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kuinama, cherehani ilifunikwa kitambaa na mikasi ikafichwa kana kwamba ingeweza kutenda dhambi yenyewe. Jumamosi asubuhi tulikuwa kanisani, na baada ya chakula watoto tulirudi kwa mkutano wa alasiri. Huo mkutano wa alasiri ndio ulionishinda. Nilikaa juu ya mikono yangu ili isitembee. Nilihesabu mbao za dari. Mtu aliyekuwa mbele yangu akikohoa, nilitamani kukohoa pia ili tu nifanye kitu. Na huko nje, ng'ambo ya soko, ungeweza kusikia jenereta ya Mzee Chacha ikianza kunguruma, ikishika, ikitulia, na kila aliyekuwa na miaka chini ya ishirini mle kanisani alijua kwamba kaseti imeingizwa.

Kwa Mzee Chacha kulikuwa na madhehebu mawili. Kulikuwa na watu wa bastola na watu wa mateke. Watu wa bastola walikaa benchi za kushoto. Walipenda kauboi, kofia, farasi, na yale macho yanayojaza kioo kizima huku muziki wa filimbi ukikukwaruza mgongo. Watu wa mateke walikaa kulia. Walitaka Wachina wanaoruka juu ya mapaa na kupigana na watu kumi bila kutoka jasho. Mzee Chacha aliwapa zamu, Jumamosi moja hivi, Jumamosi nyingine vile, na kila kundi liliidharau sinema ya wenzake kwa sauti. Mimi nilikuwa wa bastola. Boke alikuwa wa mateke. Tulibishana njia nzima ya shule. Mimi nilisema bastola inamaliza maneno. Yeye alisema mtu mwenye bastola ni mvivu.

Anti Risper aliingia katika maisha yetu msimu wa mvua. Alikuwa mdogo wake Mama, ameolewa Mbita kwa watu wa ziwani, na mume wake, Oloo, alikuwa amekufa miezi michache kabla, kwa ugonjwa ambao watu wazima waliutaja kwa kushusha sauti na kupitisha mkono juu ya mwili kuonyesha mtu anavyokwisha. Alifika na begi moja, amevaa koti la kijivu la marehemu lililompita magoti. Mama alimkumbatia mlangoni kwa muda mrefu mno, kisha akatuita sisi watoto na kutuambia jambo moja.

"Mtu yeyote akiuliza Anti yuko wapi, wewe hujui. Umesikia? Hata akiwa mtu wetu. Hasa akiwa mtu wetu."

Nilijua kidogo sababu yake, kama watoto wanavyojua mambo, vipande vipande kupitia ukuta. Wazee wa kwa Oloo walitaka arithiwe na shemeji yake, Ouko, awe mke wake, kama ilivyokuwa desturi. Anti alikuwa amekataa, na kwa kuwa kukataa huko hakukuwa na mlango, alipitia dirishani.

Hakuweza kutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alikaa kumenya viazi, akainuka na kisu mkononi, akaenda kuchungulia barabara, akarudi, akasahau alikuwa akimenya nini. Mbwa akibweka, alinyamaza katikati ya neno. Mimi, ambaye pia sikuweza kukaa mahali pamoja, nilimpenda mara moja. Nilidhani tuna tabia moja.

Yeye hakuwa Msabato. Kwa mume wake walikuwa Wakatoliki. Kwa hiyo Jumamosi yake ilikuwa tupu, na mtu asiyeweza kutulia akipewa siku tupu ataitafutia kazi. Jumamosi ya tatu alifuata mlio wa jenereta.

Ilikuwa siku ya pekee, maana Mzee Chacha alikuwa amerudi kutoka Migori na kaseti ambayo ilivunja utaratibu wote. Katika kasha lake la karatasi palichorwa kauboi na Mchina wamesimama mgongo kwa mgongo. Bastola na mateke, sinema moja. Habari hizo zilisambaa mjini haraka kuliko tangazo la chifu. Watu wa kushoto na watu wa kulia walifika siku moja, wakagombania mabenchi, na watoto tukakaa sakafuni mbele kabisa, shingo zimepinda.

Tatizo likaonekana dakika ya kwanza. Watu wote katika sinema hiyo, hata kauboi, walizungumza Kichina. Chini ya kioo palikuwa na maandishi ya Kiingereza, lakini televisheni ya Mzee Chacha iliyakata katikati, ukaona vichwa tu vya herufi. Kijana aliyekuwa akitutafsiria siku zote, tuliyemwita Profesa, alikuwa amepata kazi Migori. Watu wakaanza kupiga miluzi. Mzee Chacha alisimama, akauliza kama kuna mtu mwenye Kiingereza.

"Mimi nina kidogo," ikasema sauti nyuma.

Ilikuwa ya Anti Risper. Alipita katikati ya mabenchi na lile koti lake, akapewa kigoda kando ya televisheni, akainama kusoma vichwa vya herufi. Alikuwa amefika kidato cha pili. Nadhani alisoma neno moja kati ya matano, na manne yaliyobaki aliyatoa kwake mwenyewe. Lakini aliyatoa vipi! Kauboi alimpa sauti nzito ya polisi wa trafiki. Mchina alimpa sauti ya chini, ya mtu asiyepoteza maneno. Adui mkuu, mwenye upara na koti jeupe, alizungumza kama karani wa ofisi ya serikali anayekuambia urudi kesho. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka.

Hadithi ilikuwa hivi, au alivyotuambia yeye ilikuwa hivi. Mchina amevuka bahari kumtafuta kaka yake aliyekufa katika nchi ya kauboi akijenga reli. Amelikuta sanduku dogo la mbao, na ameapa kulirudisha nyumbani. Yule mwenye upara analitaka sanduku. Kauboi, ambaye hajali lolote ila farasi wake, anajikuta anasafiri na Mchina jangwani kwa sababu wote wawili wanafukuzwa na watu wale wale. Hawaelewani. Mmoja anapika chakula ambacho mwingine hawezi kula. Kauboi anacheka mateke, Mchina anacheka bastola, mpaka siku wanapozingirwa.

"Kwa nini wasimpige tu risasi huyo Mchina?" mtu wa kushoto aliuliza kwa sauti.

Anti hakugeuka hata. "Bastola ina risasi sita," alisema. "Ya saba ni mguu."

Kibanda kililipuka. Kuanzia siku hiyo maneno hayo yaliandikwa kwa mkaa kwenye kuta za choo cha shule yetu.

Halafu jenereta ilianza kukohoa, kama ilivyofanya ikishapata moto sana, na Mzee Chacha akazima. Nusu ya pili, alisema, Jumamosi ijayo. Watu walilalamika, lakini alikuwa akifanya hivyo na sinema zote ndefu, maana aliyeona nusu lazima arudi.

Sijawahi kuishi wiki ndefu kama hiyo. Darasani nilipigwa kwa kuchora sanduku kwenye daftari la hesabu. Mimi na Boke tulicheza nusu ya kwanza kila jioni nyuma ya nyumba yao, na kwa mara ya kwanza mchezo wetu ulikuwa mmoja. Zamani, mimi nikimpiga risasi, alikataa kufa. Yeye akinipiga teke, nilisema nilikuwa mbali. Sasa tulisimama mgongo kwa mgongo na adui wakawa ndama wa baba yake. Jambo moja tu lilitunyima raha. Kwa sheria ya video, steringi, yaani shujaa mkuu, hafi. Lakini sinema ina steringi mmoja. Hii ilikuwa nao wawili. Je, mmoja angekufa? Boke alisema lazima afe kauboi. Sikuzungumza naye siku nzima.

"Ndani ya sanduku kuna nini?" nilimuuliza Anti Risper tukichambua maharagwe.

"Hawajasema bado."

"Wewe unadhani nini?"

Aliangalia barabarani, kama kawaida yake. "Kitu ambacho mtu hapaswi kumpa mwingine," alisema, akamwaga maharagwe mazima pamoja na taka.

Jumamosi ikafika. Nilikaa kanisani asubuhi kama mtu aliyekalia siafu. Baada ya chakula Mama alirudi kanisani mapema kupanga mkutano wa akina mama, akaniambia nimfuate. Nilipaswa kubadilisha viatu tu. Mpango wangu ulikuwa kubadilisha viatu na kupotea. Boke alikuwa ameshatangulia kunishikia nafasi, na Anti alikuwa kigodani kwake tayari. Nilisikia jenereta ikivutwa mara ya kwanza, ikakataa. Mara ya pili.

Nilipotoka, mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Mama cha barazani. Alikuwa mwanamume mnene wa wastani, shati jeupe, amevua viatu vyake vizuri vyeusi na kuvishika mkononi kwa sababu ya matope ya mvua. Alinisalimu kwa Kijaluo, kwa upole, akaniita binti yangu. Aliuliza habari za Mama. Aliuliza habari za shule. Aliuliza niko darasa la ngapi, na napenda somo gani. Jenereta ikashika. Nilikuwa nikiruka kwa mguu mmoja na mwingine. Akauliza kama Baba amekuja mwezi huu. Nilisikia, au nilidhani nasikia, ile filimbi ya mwanzo.

"Na mama yako mdogo, Risper, yuko wapi?"

"Yuko video, kwa Chacha!" nikasema, na nikawa nimeshafika katikati ya uwanja kabla maneno yangu hayajafika masikioni mwangu.

Nikasimama. Nikageuka. Alikuwa ameinuka, anapangusa suruali yake.

Nilikimbia. Niliruka mtaro wa soko, nikaanguka, gauni la kanisa likalowa matope mpaka kiunoni, nikakimbia tena. Nilitaka kufika kwanza, nipite mbele, nimnong'oneze. Lakini kibanda kilikuwa kimejaa kuliko nilivyowahi kukiona. Watu walisimama hadi mlangoni. Nilijipenyeza kati ya magoti na makalio, watu wakinisukuma na kunifinya, mpaka nikakwama nyuma ya Boke, hatua nne kutoka kwa Anti.

Kwenye kioo kauboi alikuwa amelala, damu begani, risasi zimekwisha. Mchina alikuwa amesimama peke yake katikati ya mji wa vumbi, sanduku kwapani. Yule mwenye upara alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, watu wake nyuma yake. Hakuna aliyesema kitu. Macho tu. Macho ya mmoja yakajaza kioo, kisha macho ya mwingine, na upepo, na filimbi.

"Anti," nikaita. "Anti!"

"Nyamaza wewe!" watu wakaniambia.

Mlango ukafunguka. Mwanga mweupe wa mchana uliingia kama ndoo ya maji, sinema ikafifia mpaka ukaona vivuli tu, na kibanda kizima kikapiga kelele, "Mlango! Mlango!" Yule mgeni wa barazani, Ouko, alikuwa amesimama pale, viatu mkononi, akikunja uso kuzoea giza.

Anti Risper alimwona. Adui mkuu alifungua mdomo, akasema kitu kirefu kwa Kichina, na kigodani kukawa kimya.

"Anasema nini, Anti?" mtu akauliza.

Akageuza uso kwenye kioo. "Anasema," alianza, na sauti yake ya karani haikutoka vizuri, "anasema, nimekuja kuchukua kilicho chetu."

"Risper," Ouko akaita kutoka mlangoni. "Wadhi dala." Twende nyumbani. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu mmoja tu, na wengi mle ndani, wakiwa Wakuria, hawakujua hata kwamba kuna jambo.

Anti hakumtazama. Aliendelea kutazama sinema, na akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya Mchina, ya chini, isiyopoteza maneno:

"Mchina anamjibu. Anasema, nyumbani kwa nani?"

Boke aliniinamia. "Lakini hajafungua mdomo," akanong'ona.

"Anasema, sanduku hili lilibebwa na ndugu yako kabla yangu. Umeona lilivyomfanya. Alikuwa mtu mzito kama wewe, na alikwisha mpaka shati ndilo likawa linamvaa yeye. Mimi ndiye niliyelishika baada yake. Ukilichukua leo, utalipeleka kwa mke wako. Mke wako atalilaza kitandani kwake. Nawe hujui, na mimi sijui, litafunguka siku gani."

Nadhani hapo ndipo watu wazima walianza kuelewa. Benchi za nyuma zilinyamaza kwanza, kisha za katikati. Sisi watoto wa sakafuni tulikuwa wa mwisho. Jenereta ilikuwa ikinguruma nje na kwenye kioo Mchina bado alikuwa amesimama tu, hajasema neno hata moja.

Ouko alisema tena kwa Kijaluo kwamba wazee wamemtuma, kwamba boma la marehemu limelala.

Ndipo Anti akainuka. Mwanga wa mlango ulimpiga usoni moja kwa moja, na hakuutumia mkono kujikinga. Sauti haikuwa ya Mchina tena.

"Shemeji," alisema, kwa Kiswahili, "mimi sirithiwi. Nenda uwaambie wazee umenipata, na umenisikia, na watu hawa wote wamenisikia. Sirithiwi na wewe, sirithiwi na mtu."

Ouko alisimama vile vile, viatu mkononi, kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini. Nilijua sasa atampiga, au atamvuta, na ni mimi niliyemleta.

Mzee Chacha akatokea pembeni, akakohoa. "Bwana," akamwambia, "umelipa kiingilio?"

"Hapana, mzee."

"Basi ama lipa ukae, ama funga huo mlango. Watu wanaangalia sinema."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka kwa pamoja, kicheko cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi. Mlango ukafungwa. Giza likarudi, rangi zikarudi kwenye kioo, na Anti Risper akakaa. Alikuwa akikunja na kukunjua ukingo wa koti.

"Endelea, Anti," mwanamke mmoja wa benchi za nyuma akasema taratibu.

Akaendelea. Sauti ilimkauka lakini aliendelea. Kauboi aliinuka na bega lake bovu, akamrushia Mchina bastola tupu, na Mchina akaitumia kama nyundo, teke huku, kitako cha bastola kule, na kushoto na kulia wakashangilia kwa mdomo mmoja. Mwenye upara alianguka katika birika la kunyweshea farasi. Steringi hawakufa, hata mmoja. Mwishoni walifika njia panda jangwani, wakatazamana, na kila mmoja akashika njia yake. Sote tulimgeukia Anti atuambie wanaagana vipi. Alikuwa akiangalia kioo tu.

Nilitoka kabla taa hazijawashwa. Ouko alikuwa amekaa kwenye gogo nje, chini ya ukingo wa paa.

"Binti yangu," alisema, "niletee maji."

Niliyatoa kwa kina Boke, kwa kikombe cha bati. Alikunywa, akaomba mengine, akanywa. Maji mengine yalimwagikia shati. Kisha akatabasamu, si kwangu, kwa hewa tu, akavaa viatu vyake juu ya miguu yenye matope, akaondoka kuelekea stendi. Tabasamu lile lilinitisha kuliko ambavyo hasira ingenitisha. Niliamini amekwenda kuita watu.

Jioni nilimwambia Anti. Nililia kabla sijasema, nikalia nikisema. Alinisikiliza huku akinibandua matope makavu kwenye gauni.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Nani mwingine angesema haraka hivyo?" Halafu akaniambia kitu ambacho hakikunisaidia wakati huo. "Tangu nije hapa, Akinyi, kila mlango ukifunguka moyo wangu unaruka. Leo umefunguka. Nikaona ni Ouko tu."

Mama alipopata habari, na alizipata kutoka kwa watu sita kabla hajafika nyumbani, aliniadhibu kwa kosa la kuivunja Sabato: zaburi ndefu kuliko zote, kwa moyo, nusu mwezi. Anti naye aligombezwa na Mama kwa njia nyingine.

"Umesema mambo ya nyumba mbele ya Wakuria wote! Hukuweza hata kusema kwa lugha yetu?"

"Ndiyo maana sikusema kwa lugha yetu," Anti akajibu.

Mama akaenda kukaa nyuma ya cherehani iliyofunikwa. Alikaa pale bila kushona mpaka jua likazama.

Hakuna watu waliokuja. Nilingoja wiki nzima, nikilala na viatu. Anti alikaa nasi mwezi mwingine, akifagia mara moja tu kwa siku, kisha akahamia Migori kuuza nguo za mitumba. Miaka minne baadaye aliugua. Alikwisha kwa namna ile ile, na akafa, nami nilikuwa na miaka kumi na tano.

Tulimzika Mbita. Kulikuwa na wazee waliosema mwanamke aliyekataa boma hawezi kulazwa ndani yake, na ni Ouko aliyesimama, mwanamume ambaye niliwahi kumwogopa zaidi ya chui wa mbuga ya Ruma, akasema kaburi litakuwa kando ya la Oloo na kama kuna mtu ana neno amwambie yeye. Hakuna aliyekuwa na neno.

Alasiri hiyo alikuja kukaa karibu nami. "Ulinipa maji vikombe viwili," alisema. Kisha, polepole, akaniambia. Yeye ndiye aliyemwosha kaka yake. Alijua kilichomuua. Kila mtu alijua, na hakuna aliyetaka kitajwe. Kama angekataa yeye, angeitwa mwoga asiyempenda ndugu yake. Njia nzima kutoka Mbita alikuwa akiomba Mungu Risper akatae, na akatae kwa namna ambayo hakuna mzee angeweza kusema hakusikia vizuri.

Nilikuwa nimebeba mdomo wangu kwa miaka minne kama kosa. Nilidhani nilimuuza Anti kwa sababu ya sinema. Sasa nikaelewa kwamba lile sanduku alilotutafsiria halikuwa la Mchina hata kidogo, na kwamba siku ile, mbele ya watu ambao hawakuwa ndugu zake, alikuwa amemfukuza mtu ili mtu huyo aishi. Kwa Kijaluo maneno yake yangekuwa ya ukoo, yangezungumzwa, yangelainishwa, yangefunikwa. Kwa Kiswahili yalikuwa na mashahidi kibanda kizima.

Mke wa Ouko alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu, mgongo kwenye ukuta, akinyonyesha mtoto wao wa mwisho, mnene, mwenye mikunjo mapajani. Alikuwa ametusikiliza. Yeye hakuwahi kufika Kehancha, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sukari tu.

"Baba Owino hakuwahi kuniambia yote," alisema kwa Kijaluo, akimwelekezea mumewe kidevu. "Wewe ulikuwepo. Kwani Risper alisema nini hasa?"

Nikasogea karibu, nikamtafsiria. Nilimwambia yote, neno kwa neno, kama nilivyoyasikia: sanduku, ndugu, shati. Nilipofika kwenye mke na kitanda aliinua mkono nisimame kidogo. Akamhamishia mtoto titi la pili, akamfunika miguu kwa leso, kisha akaniambia niendelee.